Kamera ya laki tisa na nusu inapigwa bao na simu ukumbini. Wajuzi, shida ni nini?

#1 Kibatari cha Mbagala
Wakuu, heshima kwenu.

Nimejichanga tangu Ramadhani, nikashuka Kariakoo nikachukua Canon EOS 4000D mpya ndani ya boksi na lenzi yake ya 18-55. Laki tisa na nusu, wakanitupia na kibegi. Lengo ni kuanza kazi ndogondogo: vipaimara, sendofu, mahafali ya chekechea.

Jumamosi nikaenda nayo kwenye sendofu ya binti wa mama mdogo. Picha za nje, chini ya mwembe, tamu kabisa. Tukaingia ukumbini, picha likaanza. Nyuso zimekuwa giza, chengachenga tupu, na watu wakicheza wanavuta mistari. Mdogo wangu kasimama pembeni yangu na Tecno Camon yake, mkono mmoja simu, mwingine soda, anabonyeza tu. Zake zimetoka zinang'aa, na ndizo zilizoingia kwanza kwenye grupu la familia. Shangazi akaniuliza mbele za watu kama hilo likamera ni la kazi au la pozi.

Kamera haina hitilafu. Inawaka, inafokasi, betri inakaa. Swali langu: kwa nini kitu kikubwa namna hii kinazidiwa na simu? Naomba kuwasilisha.

#2 Mchele Mbeya
Nimewahi siti ya mbele. Ngoja waje.

#3 Babu Tripodi
Kijana, hujapigwa. Shida yako ni lenzi. Hiyo ya boksi, EF-S 18-55 III, ukiivuta mpaka mwisho, 55, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Simu ya mdogo wako iko f/1.8 au karibu na hapo muda wote. Gawanya 5.6 kwa 1.8, jibu lizidishe kwa lenyewe. Unapata tisa na ushee. Yaani kila milimita ya mraba ya sensa ya simu (kile kibamba kinachopokea mwanga) inapata mwanga mara tisa kuliko yako.

Halafu hiyo III haina kituliza mtikisiko, tofauti na ile iliyoandikwa IS II. Mkono ukicheza kidogo umeumia.

Tafuta 50mm f/1.8 STM, ile ya 2015. Mjadala ufungwe.

#4 Nyuki wa Tabora
Babu, umefanya nusu ya hesabu ukaondoka na chenji.

Sensa ya 4000D ina milimita 22.3 kwa 14.9. Simu nyingi za bei ya kati ziko kwenye 5.6 kwa 4.2 hivi. Zidisha: 332 dhidi ya 23 na kitu. Sensa yake ni kubwa mara kumi na nne. Kwa hiyo hata akiwa f/5.6, mwanga wote unaoingia kwenye kamera bado unazidi ule wa simu. Na akirudi 18mm anapata f/3.5, hapo simu inaachwa mbali.

Kinachomshinda ni programu. Simu ukiibonyeza mara moja inapiga picha kadhaa mfululizo, inazilaza moja juu ya nyingine, chenga zinafutana, halafu inanyanyua vivuli na kulainisha uso. Google waliileta HDR+ kwenye simu za Nexus tangu enzi za 2013 na 2014, leo simu nyingi zina kitu cha aina hiyo. Kamera yake inapiga moja, inamkabidhi kama ilivyo. Ndiyo maana nasema apige RAW, picha ghafi, akasafishe mwenyewe kwenye kompyuta.

#5 Babu Tripodi
Nyuki, hesabu yako tamu, ila wacheza sendofu hawakai kwenye karatasi. Kwa f/5.6 na taa za ukumbi, kamera inashusha kasi ya shata (kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga) mpaka mtu akitikisa bega anaacha mkia. RAW haitanyoosha bega.

#6 Msela wa Gesi
Kwa hiyo kwa kifupi anunue Tecno?

#7 Bi Forodhani
Assalaam alaykum nyote.

Mnagombana kuhusu lenzi na hakuna aliyemuuliza kijana nyuma ya watu palikuwa na nini. Mimi napiga ndoa Unguja, na huku bwana harusi kanzu nyeupe, mashahidi kanzu nyeupe, shehe kanzu nyeupe, ukuta wa msikiti nao mweupe. Kamera haijui kanzu wala haijui mtu. Kipimo chake cha mwanga kinachukulia kila kitu kiwe kijivu cha kati. Kikiona weupe mwingi kinasema hapa pana mwanga wa kuzidi, kinapunguza. Weupe unakuwa kijivu, na uso wa mtu mweusi, ambao kuanzia mwanzo unarudisha mwanga kidogo kuliko kitambaa, unazama.

Dawa: toka kwenye kijani cha Auto, weka P au Av, hali zinazokuachia baadhi ya maamuzi. Shikilia kitufe cha Av+/- huku ukizungusha gurudumu, ipeleke juu kuanzia theluthi mbili hadi moja na theluthi. Kanzu ikianza kupotea mikunjo, rudisha kidogo. Mimi naangalia kola. Ule uzi wa darizi kwenye kola ukionekana na uso unaonekana, hapo hapo. Ukiwa kwenye kijani kitufe hicho hakikusaidii kitu.

Kijana, nyuma ya meza kuu palikuwa na nini?

#8 Kibatari cha Mbagala
Shikamoo Bi Forodhani. Nyuma palikuwa na mapazia meupe toka juu hadi chini, na zile taa za LED za zambarau zimewekwa chini zinamulika juu. Nilikuwa kwenye kijani muda wote. Flashi ya juu sikuinyanyua, kamera ilikuwa inaandika inyanyuliwe, ila niliona itawachoma watu macho.

#9 Bi Forodhani
Marahaba mwanangu. Mapazia meupe. Basi.

#10 Nyuki wa Tabora
Mama, "basi" hapana. Mapazia yanaeleza giza la nyuso, hayaelezi chengachenga. Na Tecno ilikuwa inatazama mapazia yaleyale.

#11 Bi Forodhani
Tecno imejinadi miaka yote kwamba kamera zake zimetengenezwa kwa ngozi zetu. Inatafuta uso kwanza, inapima mwanga hapo, pazia litajijua. Kamera yake ikiwa kwenye kijani inapima fremu nzima. Chenga zinakuja ukinyanyua giza baadaye, na kwenye grupu nina uhakika mtu kazinyanyua kwa simu kabla hajatuma. Kweli si kweli Kibatari?

#12 Kibatari cha Mbagala
Dada yangu alizipitisha kwenye programu ya kung'arisha, ndiyo. Lakini chenga zilikuwepo kabla, japo si nyingi hivyo.

#13 Kisauni Mwanga
Wakubwa, mie niko Mombasa. Huyu bwana ahitaji flashi, si lenzi. Lakini kabla hajanunua, na aangalie pale juu flashi inapochomekwa. Kati kati hamna ile pini kubwa ya duara. Canon waliiondoa kwa 2000D na 4000D zilizotoka mwaka 2018. Flashi za pini moja kama Yongnuo YN560, ambazo ndizo rahisi na ndizo zimejaa madukani, ukiichomeka pale haiwaki hata ukiisomea dua. Lazima upate flashi ya Canon yenyewe, au ya kampuni nyingine iliyotengenezwa kuongea na Canon kwa zile pini ndogo.

#14 Jogoo Mstaafu
Kamera isiyo na pini hiyo ni feki. Canon yoyote ya kweli ina pini. Hata Dubai niliona wanauza 3000D, nikajua hawa nao washaanza kufyatua namba zao. Kijana rudisha mzigo.

#15 Kisauni Mwanga
Mzee wangu pole pole. 3000D si feki. Ni hii hii 4000D, Asia wanaiita 3000D, Marekani yaitwa Rebel T100. Na 2000D kule Asia ni 1500D, Marekani Rebel T7, Japani Kiss X90. Kiwanda kimoja, majina manne. Na pini zote hazina.

#16 Jogoo Mstaafu
Sasa mtu mmoja majina manne ya nini, anakimbia madeni?

#17 Mama Kipaimara
Namba 16 nimecheka hadi mtoto kaamka 😂

#18 Fundi Saa Mwanza
Ipo njia ya kupita pembeni kwa wenye YN560 tayari. Ina hali mbili zimeandikwa S1 na S2. Nyanyua kaflashi ka kwenye kamera (kwenye 4000D hakuna kitufe, unakavuta kwa kucha), YN560 iweke pembeni kwenye stendi, weka S1. Ikiona mwako wa kaflashi inawaka na yenyewe. Kama kamera iko kwenye hali ya kutoa mwako wa awali wa kupimia, weka S2 iuruke ule wa kwanza. Inafanya kazi bila pini, bila waya.

#19 Kisauni Mwanga
Yafanya kazi nyumbani kwako. Ingia ukumbini wapiga picha wanne, kila mmoja akiwasha flashi yake ya kwako nayo yaitikia. Rafiki yangu betri zilimwishia kabla ya keki. Wenzake walikuwa washazoea, wakitaka mwanga wa ziada wanageukia upande wake.

#20 Fundi Saa Mwanza
Hapo sina la kujibu 😂

#21 Luthuli Boy
Sasa wazee, mnamwambia aongeze lenzi, aongeze flashi. Kwani pesa zinaota? Mimi niko Nairobi, hizi kamera ndizo kazi yangu. Ukweli ni kwamba kwa hiyo bei angenunua Canon 1300D ya mkono wa pili na apate chenji ya lenzi. 1300D ni ya 2016, sensa ni megapikseli 18 vilevile. Lakini ina kiungio cha lenzi cha chuma, 4000D wameweka plastiki. Skrini ni inchi 3 yenye nukta 920,000, ya 4000D ni inchi 2.7 yenye nukta 230,000. Na ile pini iko. Yaani ya miaka miwili nyuma imeipita mpya kila mahali. Boksi jipya ndilo limewauzia watu.

#22 Babu Tripodi
Luthuli, hapo kwenye plastiki unatisha watoto bure. Hiyo 18-55 nayo kiungio chake ni plastiki na watu wamezitumia miaka. Utamtesa mtu kwa plastiki kama anabeba lenzi nzito ya kilo na nusu, na mwenye lenzi hiyo hanunui 4000D.

Ila skrini nakubaliana nawe asilimia mia.

#23 Mchele Mbeya
Na ya mkono wa pili unajuaje imeshapiga ngapi? Muuzaji atakwambia ilikuwa ya daktari, alikuwa anapiga Krismasi tu.

#24 Luthuli Boy
😂 Kila kamera ya mkono wa pili ilikuwa ya daktari. Kwa Nikon ni rahisi, piga picha moja, ifungue taarifa zake kwenye kompyuta, idadi ya shata imeandikwa ndani. Canon za daraja hili haziandiki humo, unahitaji programu inayosoma kamera yenyewe kwa waya. Mwuzaji akikukataza kuchomeka waya, wewe ondoka.

#25 Mwana Nikon
Asante Luthuli kwa kunifungulia mlango. Mngemshauri Nikon D3500 tangu mwanzo tusingefika hapa. Megapikseli 24, na kwa vipimo vya kiwanda chaji moja inapiga picha 1,550. Hiyo 4000D na betri yake ya LP-E10 inaishia 500. Sherehe mbili unamaliza bila kutafuta soketi nyuma ya jukwaa.

#26 Babu Tripodi
Umesahau kumwambia D3500 haina mota ya fokasi mwilini. Akienda kununua ile 50mm f/1.8D ya bei chee, atafokasi kwa mkono huku bibi harusi anapita. Anatakiwa atafute AF-S au AF-P, zenye mota ndani ya lenzi, na bei inapanda. Lingine: hapa Dar ukikwama lenzi, mwenzako ukumbini ana Canon. Nani atakuazima ya Nikon?

#27 Mwana Nikon
Anayeenda kazini akitegemea kuazima, hiyo si kazi.

#28 Babu Tripodi
Hapo umeonyesha hujawahi kuanza na kimoja.

#29 Tanga Raha
Ngojeni nitie neno kwenye hilo la mkono wa pili, kwa sisi wa pwani. Kabla hujauliza shata, muulize mwenye nayo alikuwa anaishi wapi. Toa lenzi, fungua kifuniko mbele na nyuma, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande mwingine kwa mshazari. Ukiona vijinywele vyeupe vinatambaa toka ukingoni kwenda kati, huo ni ukungu umeota ndani ya kioo. Nina lenzi ya 55-250 niliyoiweka kabatini msimu wa masika ndani ya begi lake la sponji. Nilipoitoa utando ulikuwa umefika robo ya kioo, picha zikawa na ukungu kila nikielekea jua. Fundi aliifungua akaifuta, ila rangi ya kinga juu ya kioo ilishaliwa.

#30 Mchele Mbeya
Si unaweka kwenye ndoo ya mchele?

#31 Tanga Raha
Mchele una vumbi. Vumbi liende kwenye lenzi? Weka ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu, ukiona vimechoka badilisha. Na muhimu kuliko vyote, itumie. Lenzi inayopigwa jua kila wiki haioti kitu.

#32 Salma Maskati
Nathibitisha. Huku Omani wakati wa joto tatizo jingine: unatoka kwenye kiyoyozi unaingia nje, lenzi yote inatoa jasho. Mimi naifunga kwenye mfuko wa nailoni kabla sijatoka, naiacha humo mpaka ishike joto la nje, ndipo naifungua. Ukiifuta futa unaeneza maji tu.

#33 Mama Kipaimara
Mleta uzi yuko wapi? Ametuachia watoto.

#34 Dj Kimya Kimya
Mimi si mpiga picha, nafunga muziki na taa kumbi za huku Dar. Kuna kitu hamjakigusa. Umeme wetu ni Hz 50, taa nyingi za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, macho hayaoni. Kamera ikienda shata ya 1/250 ya sekunde, picha moja inakutana na taa imewaka, inayofuata imenywea, nyingine ina mkanda wa giza katikati. Na kwa video ndiyo balaa. Ukiacha kamera kwenye NTSC, mfumo wa video wa Marekani, inarekodi fremu 30, shata inakaa 1/60, ukuta mzima unapepea. Ingia kwenye menyu weka PAL, urekodi fremu 25, shata 1/50. Nimeona vijana wanalaumu kamera, wengine wanarudisha dukani.

#35 Nyuki wa Tabora
Dj umeongea, ila hizo LED za rangi mnazopunguza mwanga kwa rimoti hazifuati Hz 50. Kisanduku chake kinazima na kuwasha kwa kasi yake chenyewe. 1/50 inaweza isisaidie kitu.

#36 Dj Kimya Kimya
Za kwangu zinafuata. Za wengine sijui.

#37 Nyuki wa Tabora
Leta rimoti tuone.

#38 Mdadisi Moro
Nina swali moja tu kwa mleta uzi. Hizo picha mbaya umezionea wapi? Luthuli kasema skrini ina nukta 230,000. Hizo ni kama pikseli 320 kwa 240, simu za vitochi za zamani zilikuwa hivyo. Ukipeleka WhatsApp nako, picha yenye pikseli 5184 kwa 3456 inabanwa mpaka kwenye 1600 na kitu upande mrefu, labda ubonyeze HD au uitume kama dokumenti. Ya simu imeangaliwa kwenye skrini ya simu iliyotengenezewa, ng'aring'ari. Umewahi kuzifungua zote mbili kwenye kompyuta, upande kwa upande?

#39 Kibatari cha Mbagala
Wakuu nipo, nilikuwa kwenye foleni ya Rangi Tatu. Nawashukuru wote.

Mdadisi, leo nimefungua kwenye laptopu ya jirani. Mambo mawili. Kwanza, za mezani ambazo watu wametulia si mbaya kama nilivyoziona kwenye kioo cha kamera. Ukikuza uso wa bibi harusi unaona kope moja moja, hina ya mkononi unaona hadi palipopasuka. Ya Tecno ukiikuza vilevile ngozi imekuwa laini kupita kiasi, kope zimeungana, hina imekuwa doa la kahawia. Pili, za watu wanaocheza ni mbaya palepale. Zimevutika, na chenga zipo.

Nimeangalia taarifa zake: zilizovutika nyingi ni 55mm, f/5.6, shata 1/20, ISO (usikivu wa mwanga) 3200.

#40 Babu Tripodi
f/5.6. Shata 1/20. Niongeze nini tena?

#41 Bi Forodhani
Uongeze kwamba angesogea. Kijana alisimama mlangoni akavuta lenzi mpaka mwisho. Rudi 18mm, tembea mpaka uwaone jasho, unapata f/3.5 bila kununua chochote. Nyie mna haraka ya kumtuma dukani.

#42 Nyuki wa Tabora
Na hapo kwenye kope na hina ndipo hesabu yangu ilipojionyesha. Taarifa imo ndani ya picha. Kinachokosekana ni usafishaji ambao simu inaufanya bila kukuuliza.

#43 Mama Kipaimara
Jamani, mmewahi kumuuliza shangazi? Mimi ndiye mteja hapa. Sitaki kuona kope wala hina iliyopasuka. Nataka uso usio na chunusi, uliong'aa, niuweke kwenye statasi kabla hatujarudi nyumbani. Simu ilimpa saa ileile. Huyu kijana picha zake ziliingia lini?

#44 Kibatari cha Mbagala
Jumatatu jioni.

#45 Mama Kipaimara
Unaona sasa.

#46 Mdadisi Moro
Na hiyo 4000D ina Wi-Fi. Weka programu ya Camera Connect kwenye simu, unavuta picha tano sita ukiwa bado ukumbini unawatupia. Zilizobaki wasubiri.

#47 Jogoo Mstaafu
Mama Kipaimara, mwaka mmoja ukitaka kutundika picha ukutani sebuleni, fremu kubwa ya A3, hiyo ya statasi itakuaibisha. Hizo 5184 kwa 3456 zinajaza A3 na wino ukakaa vizuri. Sisi tulipiga filamu za 36, ukifumba jicho moja vibaya umekula hasara, na tukasafisha ndani ya chumba chenye giza. Hakukuwa na skrini ya kulaumu. Studio ilikuwa na taa mbili na mwavuli, mteja anakaa pale unapomwambia. Nyie mnafuata mwanga wa Dj.

#48 Dj Kimya Kimya
Mzee, mwanga wa Dj una kosa gani?

#49 Jogoo Mstaafu
Zambarau. Nani amewahi kuzaliwa na uso wa zambarau?

#50 Msela wa Gesi
Mnaotaka kufanya YouTube msimfuate huyu. 4000D haina tundu la maiki, 2000D haina, 1300D haina. Tafuta Canon 600D ya 2011, ina tundu na skrini inageuka ukajiona. Nimeishi nayo miaka.

#51 Mchele Mbeya
Nani ametaja YouTube?

#52 Msela wa Gesi
Mimi.

#53 Kibatari cha Mbagala
Jana jioni nimejaribu hapa sebuleni na taa moja ya kawaida, binamu yangu kacheza mbele ya shuka jeupe. Nimeweka Av, 18mm, f/3.5, nimesogea, nimepandisha Av+/- kwa moja. Uso umetoka, shuka limebaki jeupe. Akitulia safi. Akizungusha mkono bado unavuta, ila kichwa kimekaa. Kisha nikanyanyua kaflashi, mkono ukasimama, lakini nyuma kukawa giza na kivuli chake kikubwa kikajichora kwenye shuka.

#54 Bi Forodhani
Kipimo cha mwanga. Nilisema.

#55 Babu Tripodi
f/3.5. Nilisema.

#56 Fundi Saa Mwanza
Kivuli kinaondoka ukiwa na flashi inayogeuka kichwa, unaielekeza dari. Kama dari ni nyeupe. Kumbi nyingine dari wameweka vitambaa vya rangi ya chungwa, watu wote wanatoka na homa ya manjano.

#57 Kilimanjaro Kibo
Salaam wakuu. Nimesoma uzi wote, na mimi ninayo hiihii. Ubatizo Jumapili ijayo, kanisa dogo, halafu chakula nyumbani kwa watu sebule ndogo. Hiyo 50mm mnayoisifu itanifaa?

#58 Babu Tripodi
Kanisani ndiyo, sebuleni hapana. Kwenye sensa hii 50 inakuwa kama 80 ya kamera yenye sensa kubwa, ukitaka watu watatu kwenye fremu utatokea mlangoni. Tafuta 24mm f/2.8 STM, ile nyembamba. Mwanga wake ni mdogo kuliko wa 50, ila unabaki ndani na wenzio.

#59 Nyuki wa Tabora
Au atumie 18-55 aliyonayo apige RAW.

#60 Kilimanjaro Kibo
Nani ana hiyo 24 hapa Moshi au Arusha, hata ya kukodi siku moja?

#61 Luthuli Boy
Niko nayo Nairobi, naweza kuituma kwa basi la Namanga. Haikuwa ya daktari. Njoo PM.